Neno Aliloliandika Fundi Ukutani

Fundi hakununua waya kwa macho. Mfukoni mwa shati alitembea na kipande cha sumaku alichokitoa kwenye spika iliyokufa, na akifika dukani, pale mjini kwetu Baraka, alimenya ncha ya waya kwa meno, akaisogezea sumaku, akangoja. Waya ukivutwa, aliurudisha mezani bila neno na kumtazama mwenye duka kwa huruma, maana shaba haivutwi na sumaku. Kinachovutwa ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Mwenye duka alilijua hilo, Fundi alilijua hilo, na mimi, mwalimu mwenye diploma, nililijua siku niliyofuatana naye mara ya kwanza, nikiwa na umri wa miaka thelathini na minne.

Waya yeye aliuita fili, kama Wafaransa. "Mwalimu," aliniambia tulipotoka dukani mikono mitupu kwa mara ya tatu, "fili ya inje ni ya kutembea naye tu. Ile ya ndani ya ukuta, unaoa. Ikianza kukusumbua, utabomoa nyumba mbele ya kuachana nayo."

Nilimjibu kwamba mimi nimeshaoa. Hakucheka. Vichekesho vyangu vingi havikumfikia, na nilipokuwa kijana nilidhani kasoro iko kwake.

Kazi yake ilikuwa kuficha nyaya za video ndani ya kuta. Wengine wote mjini waligongelea waya juu ya ukuta kwa misumari, ukapita sebuleni kama kamba ya kuanikia nguo. Yeye alichimba mfereji kwenye tofali kwa patasi na nyundo ndogo, polepole, halafu ndani yake akalaza mianzi. Mianzi ilitoka kwao Bibokoboko, juu mlimani, na aliikausha mwenyewe juu ya jiko, akatoboa mafundo yake kwa nondo iliyowekwa motoni hadi ikawa nyekundu. Waya ulipita ndani ya mwanzi. Pembeni ya waya aliacha uzi wa nailoni, ule wa wavuvi wa Kazimia, ukiwa umelegea kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilipomuuliza uzi ule ni wa nini, alisema ni wa fundi atakayekuja baada yake: akitaka kubadilisha waya, aufunge kwenye uzi, avute, asimbomolee mtu nyumba. Sijapata kumwona mtu mwingine anayefanya hisani kwa mtu asiyemjua, ndani ya ukuta, mahali ambapo hakuna atakayeiona.

Waya wa umeme hakuuruhusu kulala karibu na waya wa picha. Alitaka shibiri mbili kati yake, na zikikutana basi zikatane kama msalaba, zisiende pamoja. "Kura iko na mudomo," alisema. Kura ndio umeme, kwa Kifaransa cha kwetu. "Ukiilaza karibu na video inaanza kumusengenya. Utaona mistari mu picha, utasema televizyo ni mubovu. Hapana. Ni masengenyo."

Alikuwa shemasi katika kanisa lao la Kiprotestanti, na sinema aliiona ni upuuzi mtupu. Watu wanaopigana bila sababu, alisema, tunao wa kutosha bila kulipa kiingilio. Lakini upuuzi ule ulipaswa kutokea kwa rangi sahihi. Nilimwona siku moja katika ukumbi wa video karibu na soko, ambao nyaya zake zote alikuwa ameziweka yeye. Mchana ule umati mzima ulikuwa unapiga kelele kwa kioo, na Fundi peke yake alikuwa amewapa wote mgongo, kiganja kimewekwa ukutani, kinafuata njia ya waya tofali kwa tofali. Aliporidhika alichukua kofia yake akaondoka. Nadhani katika maisha yake hakuwahi kuona mwisho wa sinema yoyote.

Kinyume kingine chake: mtu huyu aliyeishi kwa kuficha vitu hakuweza kuficha neno. Ukimuuliza kama nyumba yako imenyooka, na haijanyooka, alikuambia hivyo hivyo. Mganga wa zahanati alimwita amfungie televisheni, akaambiwa kwamba pesa ya kazi hiyo angenunulia kwanza mlango wa choo. Mganga alikasirika mwezi mzima, kisha akanunua mlango. Mimi niliambiwa kwamba sebule yangu ni ndogo mno kwa mawazo yangu. Nilikasirika pia, ila sikununua kitu.

Sasa niseme juu ya Kifaransa chake, maana ndicho kilichotufikisha tulipofika. Kilikuwa na maneno kama arobaini, yote ya umeme. Hakujua kumwamkia mtu kwa Kifaransa, lakini alijua kusema fyuzi imeungua. Na maneno hayo aliyaandika kwa mkaa ukutani alipofanya kazi, kila neno mahali pake, na mshale: hapa panapita umeme, hapa chini, hapa juu. Aliandika kama alivyosikia. "Prize," pa kuchomekea. "Tere," chini. "O," juu. Mimi nilifundisha Kifaransa darasa la tano na la sita katika shule ya misheni, na kuta za nyumba yangu mwenyewe zilikuwa zinajaa makosa ya tahajia. Sikuvumilia. Kila jioni Fundi alipokwenda zake, nilichukua chaki nyekundu na kumsahihishia. Asubuhi alikuta ukuta umesahihishwa, akausoma taratibu, akasema, "Aksanti, Mwalimu," na kuendelea na makosa mapya upande wa pili.

Mke wangu aliliona hilo. Mtoto wetu wa kwanza anaitwa Sifa, kwa hiyo mimi ni Baba Sifa, na mke wangu ana namna ya kulitamka jina hilo ambayo hunifanya nijute kwamba hatukumwita Neema.

"Baba Sifa," alisema, "ule muntu anakujengea ao unamufundisha?"

"Vyote viwili."

"Na televizyo iko wapi?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nalikwepa. Televisheni ilikuwa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, nyumbani kwa kaka yangu mkubwa, pamoja na mashine ya kuchezea kanda. Kaka aliahidi kuvituma kwa mashua mambo yakitulia. Mimi nilikuwa nimeona picha katika gazeti kuukuu la Kifaransa: sebule ya Mzungu, televisheni ukutani, na hakuna waya hata mmoja unaoonekana. Picha hiyo ilinitesa. Niliamua kwamba kitakapofika chombo kikute nyumba iko tayari: mashine ya kanda itakaa chumbani kwetu, mbali na macho ya wageni, televisheni itakaa sebuleni, na kati yao waya utapita ndani ya ukuta. Hivyo katikati ya vita vya pili vya nchi yetu, wakati wenye akili walikuwa wanafunga mizigo, mimi nilikuwa namlipa mtu anitobolee ukuta kwa ajili ya chombo kilichokuwa nchi nyingine.

Fundi alifanya kazi siku nne. Siku ya nne watu wa kanisa lao walimwita aende Kilembwe kwa ajili ya vipaza sauti, akaahidi kurudi baada ya juma moja kumalizia. Sikuwepo alipoondoka. Nilikuta mfereji umezibwa vizuri, na ncha mbili za waya zimechomoza, moja chumbani, moja sebuleni, kila moja na kichwa chake cha manjano cha kuchomeka kwenye chombo. Chini ya kila ncha, kwa mkaa, herufi kubwa, mshale ukionyesha pale pale: FICHE.

Nilisimama na chaki yangu nyekundu. Nilitafuta kosa, sikuliona. Na kwa kuwa katika siku nne Fundi hakuwa ameandika neno hata moja la Kifaransa bila kosa, nikaamua kwamba hili si Kifaransa. Ni Kiswahili. Anasema nifiche. Na ni busara kweli, nikajiambia, na vita hivi: wezi wakiingia wasione kitu. Nikamwita mwashi, akapaka saruji juu ya ncha zote mbili, akalainisha, tukapiga chokaa. Ukuta ukawa kama haujawahi kuguswa. Nilimsifia Fundi kwa mke wangu kwamba ni mtu mwenye kuona mbali.

Fiche, kwa Kifaransa, ni kile kichwa cha manjano. Nimelifundisha neno hilo. Liko katika kitabu cha darasa la sita, pamoja na picha yake. Fundi alikuwa ameniandikia, kwa tahajia isiyo na dosari, jina la kitu kilichokuwa hapo, ili mwashi asije akakifunika.

Juma lile lile mashua za Kigoma zilikoma, na mji ukapata wenyewe wapya. Wenye mji walibadilika mara nyingi miaka ile, sisi tukabaki walewale. Hawa waliingia wakitafuta redio za upepo, zile za kuzungumzia na maadui, ambazo kwetu huitwa foni. Nyumba kwa nyumba waligonga kuta kwa vitako vya bunduki. Kwangu ukuta ulitoa sauti ya uwazi, kwa sababu ya mianzi. Wakakwangua saruji na kukuta kichwa cha manjano. Wakafuata waya, ukawapeleka chumbani, wakakwangua tena, wakakuta kichwa cha pili.

Walinipeleka shuleni, darasani mwangu mwenyewe, ambamo Komanda wao alikuwa amefanya ofisi yake. Alikaa kwenye meza yangu. Ukutani walisimamishwa mashahidi: mkuu wa mtaa, wazazi watatu wa wanafunzi wangu, na Direkteri wa shule, mtu aliyesoma Bukavu, ambaye kwa miaka mingi nilikuwa najaribu kumwonyesha kwamba Kifaransa changu hakipungui chake.

"Hii kamba inaanzia mu ukuta, inaishia mu ukuta," Komanda alisema. "Inapeleka nini?"

"Picha, Komanda. Ya televizyo."

"Televizyo iko wapi?"

"Iko Kigoma."

"Televizyo iko Kigoma, kamba iko Baraka," alisema. "Basi hii kamba iko murefu sana. Nani aliiweka?"

"Fundi," nikasema. Neno hilo halikuchelewa kutoka.

Fundi alikuwa amerudi kutoka Kilembwe jana yake. Walimleta wakamkalisha kwenye dawati la watoto, magoti yakagoma kuingia. Miaka ile watu walikuwa wanauliza mtu katoka wapi kabla ya kumuuliza hali yake, na Fundi akifungua mdomo tu, Kiswahili chake kilisema Bibokoboko, milima ya maadui wao. Niliona askari wakitazamana. Nilijua, na kila mtu mle ndani alijua, kwamba aliyepandishwa gari kutoka shuleni pale hakurudi.

"Weye njo uliweka hii kamba?"

"Ni miye."

"Juu ya nini uliifunika? Sababu gani?"

"Hapana miye nilifunika, Komanda. Miye niliandika fiche."

"Uliandika ficha."

"Fiche."

"Njo vile. Ficha. Anakubali mwenyewe." Komanda aliwageukia mashahidi. "Mumesikia bote. Iye njo alisema bafiche."

Fundi hakubishana tena. Alinigeukia. Hakuniomba kwa macho wala hakunilaumu, alingoja tu, kama alivyongoja dukani na sumaku yake.

Nilichotakiwa kusema kilikuwa kifupi. Lakini kukisema ilikuwa ni kukiri mbele ya wazazi wa wanafunzi wangu, na mbele ya Direkteri hasa, kwamba mwalimu wa Kifaransa ameshindwa kusoma neno la Kifaransa lenye herufi tano, kwenye ukuta wake mwenyewe. Kwa hiyo nikaanza kutafuta sentensi ambayo Fundi angepona na mimi nisiaibike. Nilifikiria kusema kwamba giza lilikuwa limeingia. Nilifikiria kusema kwamba mkaa ulikuwa umefutika kidogo. Nilimfikiria mwashi, ambaye hakuwepo kujitetea. Nakumbuka hata nilikuwa napanga nianze na neno "kwa hakika" au "kwa kweli". Wakati naendelea kuchagua, askari mmoja aliuchukua mkono wa kulia wa Fundi, akaulaza juu ya dawati, akashusha kitako cha bunduki. Mara moja tu. Fundi hakupiga kelele. Alivuta pumzi kwa meno.

Hapo ndipo nilipoongea, bila kwa hakika wala kwa kweli.

"Fiche ni Kifaransa," nilisema. "Ni hii kitu ya manjano. Aliandika muzuri kabisa. Ni miye nilisoma mubaya."

Komanda aliinua kichwa. "Weye unafundishaka nini hapa?"

"Kifaransa."

Komanda akamgeukia Direkteri. "Ni kweli anasema?"

"Ni kweli, Komanda," Direkteri alijibu. "Ni kweli kabisa, fiche ni ile."

Komanda alianza kucheka. Alicheka hadi akafuta macho, askari nao wakacheka, wazazi nao, kwanza kwa hofu kisha kwa raha. Aliniamuru niandike neno lile ubaoni na kulisoma kwa sauti, mara tatu, huku darasa la watu wazima likiitikia. Kicheko hicho ndicho kilichomtoa Fundi hai. Alipewa ruhusa ya kwenda, akafunga mkono kwa leso, na tulipotoka nje nikadhani atakwenda moja kwa moja kwao. Alikwenda kwangu. Kwa mkono wa kushoto alisafisha saruji kwenye ncha zote mbili, akapangusa vile vichwa vya manjano kwa pindo la shati, akaviacha vimechomoza vizuri.

"Bengine bakikuja," alisema, "baone mwanzo na mwisho yake." Kisha akaondoka Baraka, na sikumwona kwa miaka mingi.

Televisheni haikuja kamwe. Kaka yangu aliitazama kule Kigoma mpaka ikafa. Mimi nikabaki na waya bora kuliko wote mjini, na mke wangu akautundikia kalenda.

Na nikabaki na hadithi. Amani ilipoanza kurudi, nikaanza kuisimulia: harusini, kwenye matanga yakishapoa, kwenye mikutano ya walimu. Niliisimulia vizuri. Nilimwiga Komanda, niliiga sauti yangu nikisoma ubaoni, watu walijishika mbavu. Katika hadithi hiyo Komanda akisema "ficha", mimi naruka palepale na kusema "nilisoma mubaya". Dawati la watoto halimo. Kitako cha bunduki hakimo. Sikukusudia kudanganya, ilikuwa inapungua kidogo kidogo kila nilipoisimulia, na mimi sikuwa narudisha kilichopungua.

Sifa alipoolewa tulifanya karamu uani kwetu, mchana, baada ya misa. Nilikuwa nimekaa na wageni, Direkteri viti viwili kutoka kwangu, amestaafu, anakula samaki. Waliniomba hadithi nami sikujivunga. Nilipofika ubaoni watu walikuwa wanalia kwa kicheko, na ndipo mkwe wangu mpya akaita kuelekea upande wa vipaza sauti: "Kumbe mwenyewe iko hapa! Fundi, kuja. Ni kweli vile Mwalimu anasema?"

Familia ya bwana arusi ilikuwa imemwita afunge vyombo vya muziki, nami sikuwa na habari. Alikuja taratibu, nywele zimekuwa nyeupe, bisibisi ameishika kwa mkono wa kushoto. Vidole viwili vya kulia vilikuwa vimekauka vikiwa vimepinda. Alinitazama, akawatazama wageni wangu, akaona jinsi walivyokuwa na furaha.

"Ni kweli," alisema. "Mwalimu alisema palepale."

Nilikuwa nimemjua mtu yule kama mtu asiyeweza kusema uongo hata wa kumfurahisha mganga. Aliusema huo mmoja kwa ajili yangu, harusini kwa binti yangu, na aliusema vibaya, akitazama chini. Wageni walipiga makofi. Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kupiga makofi nao, na najijua, nilishaanza kuinua mikono.

"Hapana," nikasema. "Sikusema palepale. Nilinyamaza nikitafuta namna ya kujiokoa miye, mpaka bakamuvunja vidole. Mungu anisamehe. Fundi, unisamehe."

Makofi yalikatika vipande vipande, kila mtu kwa wakati wake. Mke wangu, aliyekuwa anapita na sahani, alisimama. Hakuniita Baba Sifa. Fundi alihamisha bisibisi mfukoni, akanipa mkono ule wa kulia, na nilivihisi vile vidole viwili vikishindwa kufunga juu ya mkono wangu.

"Mwalimu, weye ulichelewa, lakini ulifika," alisema, kwa sauti yake ya kawaida ambayo hakuwahi kujua kuipunguza. "Direkteri pia alikuwa pale, na Kifaransa anakushinda. Iye angali mu njia."

Kwa pumzi moja nilikuwa nimesamehewa na kuambiwa mbele ya watu jambo nililolikana maisha yangu yote, na nawaambia ukweli kwamba yote mawili yaliniingia. Viti viwili kutoka kwangu, Direkteri aliinamia sahani yake akawa anatafuta mwiba katika samaki, na mwiba ule ulimchukua muda mrefu sana kuupata.